Kukimbia Kigoma kati ya ziwa na vilima: mwongozo kamili wa saa, njia na maandalizi

Kigoma haina uwanda mrefu wa kukimbilia. Mji umekaa kwenye ghuba ya Ziwa Tanganyika, na ukitoka ufukweni, hatua chache tu ardhi huanza kupanda. Vilima vinashuka hadi majini, vijiji vimejibana kwenye mabonde yaliyo kati yake, na barabara karibu zote ama zinakupandisha ama zinakushusha. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali miinuko ya upande wa Kalinzi na Manyovu hupita mita 1,500. Anayepanga mazoezi kwa kuhesabu kilomita, kama alivyozoea kwenye lami ya Dar es Salaam, ataishiwa pumzi kabla ya nusu ya njia na kuanza kulaumu raba zake. Mwongozo huu unafuata utaratibu mwingine: kwanza saa, kisha mwinuko, halafu mavazi na watu utakaopita mbele yao, na njia yenyewe ichaguliwe baada ya hayo yote.

Hatua ya kwanza: jifunze jua la Kigoma

Saa za ukutani ni zilezile nchi nzima, lakini jua lina saa zake. Kigoma iko karibu digrii 10 za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, na kwa kuwa kila digrii ni dakika nne, jua huchelewa huku kwa takriban dakika 40. Mwezi Julai huchomoza kama saa 1:10 asubuhi, na hata Novemba, ambapo huwahi kuliko miezi mingine, ni karibu saa 12:30. Ufukweni mwanga hukawia zaidi, kwa sababu vilima viko mashariki na kivuli chake hulala juu ya mji kwa muda hata baada ya jua kuchomoza. Mgeni anayetoka saa 11 alfajiri kwa mazoea ya pwani ya Bahari ya Hindi atakimbia gizani zaidi ya saa nzima, akipishana na mbwa waliofunguliwa usiku, makorongo yasiyoonekana, na walinzi wa ulinzi shirikishi ambao wana haki kabisa ya kumsimamisha na kumuuliza anakimbia nini. Subiri hadi dakika kama 20 kabla ya jua kuchomoza, ndipo utoke.

Kinachopotea asubuhi hurudishwa jioni. Jua huzama karibu na saa 1 jioni au baada yake, na mwezi Februari hufika hadi saa 1:25, kwa hiyo mfanyakazi anayetoka kazini saa 10 bado ana saa mbili na zaidi za mwanga. Kwa maoni yangu jioni ndiyo saa ya njia za ziwani, maana jua hushukia nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya maji na joto huwa limepungua. Asubuhi ni ya vilima. Jioni vaa kofia yenye ukingo, kwa kuwa kila barabara inayoelekea magharibi itakuwekea jua machoni.

Majira nayo yana masharti yake. Kiangazi, hasa Juni hadi Septemba, njia huwa kavu na ngumu, na upepo wa kusi huvuma ziwani kwa nguvu. Kwa njia inayokwenda kusini, kama ya Ujiji, anza kwa kuukabili upepo wewe ukiwa bado na nguvu, nao ukusukume wakati wa kurudi. Kiangazi hicho hicho ndicho wakati wa kuchoma nyasi vilimani. Siku ambayo moshi umelala bondeni, achana na mazoezi ya pumzi nyingi na utembee tu.

Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Hatari kubwa ya msimu huo ni radi, ambayo huku magharibi si jambo la mzaha. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shuka kutoka mgongo wa kilima mara moja, usisimame chini ya mwembe uliosimama peke yake, na uingie kwenye nyumba au gari. Kwa kuwa mawingu hujijenga mchana, mkimbiaji wa masika apande vilima asubuhi, na jioni abaki chini.

Hatua ya pili: pima njia kwa mwinuko

Kabla ya kukimbia njia yoyote mpya, ipite kwa miguu au kwa bodaboda ukiwa umewasha programu ya ramani kwenye simu, ile inayorekodi umbali pamoja na mita za kupanda. Pakua ramani ya eneo ukiwa bado mjini, maana mtandao hukatika ukiingia mabondeni.

Ukishapata takwimu hizo mbili, tumia kanuni ambayo Mskoti William Naismith aliitunga mwaka 1892 kwa ajili ya watembeaji wa milimani: kila mita 100 za kupanda zihesabiwe kama mita 800 za tambarare. Tuchukue njia ya kilomita 6 yenye jumla ya mita 250 za kupanda. Kupanda kunaongeza kilomita 2, kwa hiyo ichukulie kuwa njia ya kilomita 8. Kama tambarare unatumia dakika 7 kwa kilomita, jiandae kwa dakika 56, wala usione aibu ikifika saa nzima. Hesabu hii haikupunguzii muda kwa ajili ya mteremko, na kwa Kigoma ni sawa, kwa sababu miteremko yetu mingi haikimbiliki kwa kasi, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya tatu: mavazi, vitambulisho na salamu

Raba za soli laini zinatosha kwenye lami ya mjini na barabara ya Ujiji. Kwenye njia za vumbi unahitaji soli yenye meno na sehemu ya mbele iliyo ngumu kidogo, kwa kuwa vidole vitagonga mawe. Raba za mtumba sokoni Mwanga zinafaa ukichagua vizuri: ikunje raba kwa mikono miwili, na ikikunjika katikati ya unyayo badala ya penye vidole, iache. Gundi yake nayo uikague pembeni, kwa sababu raba iliyokaa stoo miaka mingi huachia soli siku ya kwanza ya matope.

Kuhusu nguo, Ujiji ni mji wa Waislamu wa miaka mingi, na vijiji vingi vya ufukweni vina heshima hiyohiyo. Suruali ya mazoezi inayovuka goti na fulana yenye mikono, kwa mwanamume na kwa mwanamke, hukupitisha popote bila kutazamwa vibaya. Mwanamke anayekimbia peke yake kwenye njia za mbali ni vema apate mwenzake, au ajiunge na kikundi cha mazoezi cha mtaani.

Chukua kitambulisho cha taifa au nakala yake. Mkoa huu unapakana na Burundi na Kongo, watu huulizwa uraia wao mara kwa mara, na mtu mwenye jasho asiyejulikana anayetokeza kijijini mapema asubuhi ni wa kwanza kuulizwa. Ukikusudia kupita kijiji fulani mara kwa mara, nenda siku moja ukiwa umevaa kawaida, ujitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Baada ya hapo watoto ndio watakaokutangaza. Njiani punguza mwendo mbele ya wazee na utoe shikamoo inayosikika. Anayempita mzee mbio kimyakimya huonekana ama mwizi ama mtu asiyefunzwa, na huku vilimani maneno husafiri haraka kuliko miguu.

Usikimbie juu ya reli wala kando yake, na usipige picha bandarini wala kwenye majengo ya serikali bila ruhusa.

Hatua ya nne: njia zenyewe

Anza na Stesheni hadi Mwanga. Jengo la stesheni ya Kigoma lilijengwa na Wajerumani, na Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914. Mbele yake inaanza Barabara ya Lumumba, inayopanda kupitia katikati ya mji chini ya miembe. Kwa uzuri si njia ya kusifiwa sana, maana ina bajaji, moshi na watu, lakini kwa kujipima haina mpinzani: lami nzuri, kivuli, na mteremko wa kurudia unaokuonyesha ziwa mbele yako muda wote. Panda mfululizo bila kusimama hadi Mwanga, shuka kwa kutembea, kisha rudia. Ukiweza kupanda mara tatu huku ukiweza kutamka sentensi nzima, uko tayari kwa njia nyingine zote isipokuwa ya Kalinzi.

Njia ya Bangwe na Katonga ndiyo ninayoiweka mbele ya nyingine zote. Inatoka mjini kuelekea kusini-magharibi kwenye rasi inayofunga ghuba, inapanda na kushuka vilima vifupi, na kila unapofika juu unaona maji upande mmoja au mwingine. Bangwe unaona ghuba na meli zilizotia nanga. Katonga ni kijiji cha wavuvi, mitumbwi imepangwa mchangani na nyavu zimeanikwa. Ukiendelea mbele unafika ufukwe wa Jakobsen, wenye vijighuba vya maji maangavu kati ya miamba, lakini huo una mwenyewe na hulipiwa kiingilio, kwa hiyo weka pesa kidogo mfukoni au geuza kabla ya lango. Vilima vya njia hii ni vifupi na vikali, na hapo ndipo wengi huharibu: hupanda cha kwanza kwa kasi ya kujionyesha na kufika cha tatu wakiburuta miguu. Cha kwanza kipande kama vile umechoka tayari. Maji ukipenda kuyaingia, uliza wenyeji kwanza kuhusu mamba, na ujue kwamba kichocho kipo katika baadhi ya fukwe za Ziwa Tanganyika, hasa penye majani na maji yaliyotulia karibu na makazi.

Upande wa kaskazini, Kibirizi ni karibu na mjini, na ndiko zinakoondokea boti za vijiji vya ziwani na za Gombe. Hapa kukimbia kuna adabu yake. Asubuhi wavuvi wa dagaa hurudi na samaki waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na kabla jua halijapanda, kina mama huwa wameshawatandaza juu ya mchanga na vichanja, tabaka jembamba la fedha linalofika hadi ukingoni mwa njia. Usiruke juu ya dagaa, hata kama unaona nafasi. Vumbi la soli yako linaanguka juu ya chakula cha mtu, na mwenye dagaa atakwambia hivyo kwa sauti. Zunguka upande wa juu, tembea, salimia, kisha uanze tena kukimbia ukishavuka. Siku zinazozunguka mwezi mpevu uvuvi wa taa hupungua, kwa sababu mbalamwezi huzishinda taa kuvutia dagaa, na ufukwe huwa mweupe na mpana. Anayetaka kukimbia mchangani azipange siku hizo.

Baada ya Kibirizi unaweza kuendelea kuelekea Kalalangabo, ambako njia inakuwa ya kijijini kweli, michikichi kwenye mteremko upande wa kulia na maji upande wa kushoto. Ziwa lilipanda sana miaka ya karibuni na kumeza sehemu za ufukwe, zikiwemo nyumba na njia za miguu, hivyo usitegemee ramani ya zamani. Ukikuta njia imeingia majini, panda juu kwa njia ya mashamba baada ya kuomba, usikate kwenye maji.

Ujiji iko takriban kilomita 8 kusini mwa mji. Barabara ni ya lami na ina magari mengi, na ningekushauri uende mapema siku ya Jumapili au uanzie Ujiji kwenyewe kwa kushushwa na daladala. Uzuri wake ni ndani ya mji: mitaa tambarare, nyumba za zamani, miembe mikubwa, na eneo la kumbukumbu ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka pwani, kwa hiyo hata mkimbiaji mvivu anayetembea nusu ya njia ana sababu ya kujiona amefika. Njia hii iwe ya siku ya kupumzisha miguu, katikati ya siku mbili za vilima.

Kalinzi ni habari nyingine. Unapanda gari kwa barabara ya Manyovu kupitia Mwandiga, unafika kwenye nchi ya kahawa na migomba, na hewa inabadilika: ukipanda mita 700 kutoka ziwani, joto hupungua kama nyuzi nne au tano. Njia za kati ya vijiji hufuata migongo ya vilima, na siku angavu ziwa huonekana mbali chini. Mvua ya jana inatosha kuugeuza udongo mwekundu kuwa gundi, ukabeba kilo kwa kila mguu. Nenda kiangazi, nenda na mwenyeji, na mpange saa ya gari la kurudi kabla hamjaanza kukimbia.

Wengi huuliza kuhusu Gombe. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968 na kujulikana duniani kwa utafiti wa sokwe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960, haina barabara, hufikiwa kwa boti, na mabonde yake hupandwa pamoja na mwongozaji. Si mahali pa mazoezi ya mbio. Sokwe huambukizwa magonjwa ya kifua ya binadamu kwa urahisi, na mtu anayehema kwa nguvu kwenye njia yao ni hatari kwao. Ipande kwa mwendo wa kutembea, na siku hiyo uihesabu kuwa ya mazoezi.

Hatua ya tano: namna ya kupanda na ya kushuka

Kupanda kunataka unyenyekevu tu: fupisha hatua, tua kwa sehemu ya mbele ya mguu, mikono iwe chini, macho mita chache mbele. Ukishindwa kutamka sentensi, tembea. Kutembea kwa nguvu kwenye mwinuko mkali mara nyingi hakukuchelewesha hata kidogo.

Kazi iko kwenye kushuka. Barabara nyingi za vijijini zina udongo mgumu uliofunikwa na kokoto ndogo za mviringo, na juu yake mguu huteleza kama umekanyaga punje za mahindi zilizomwagika sakafuni. Kosa la kawaida ni kuegemea nyuma na kuchimba kisigino; kisigino ndicho kinachoteleza kwanza, na ukianguka unaangukia kiuno na viganja. Kunja magoti kidogo, uzito ubaki juu ya miguu, hatua ziwe nyingi na fupi mno, na mikono itanuke pembeni kwa usawa. Tafuta ukingo wenye nyasi au alama ya tairi iliyofagiwa kokoto. Penye korongo la maji, simama na ulivuke kwa kutembea.

Maumivu ya mapaja baada ya kushuka yana sababu yake: misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa kurefuka, na hilo huiumiza kuliko kupanda. Maumivu hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo usijisifu jioni ya siku ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo shuka kwa kutembea, ya tatu kimbia nusu ya mteremko, na uongeze taratibu. Maumivu ya goti yanayochoma upande mmoja, au ya kifundo yanayozidi ukikanyaga, si ya misuli, na hayo yanataka mapumziko.

Maji, chakula na dharura

Kwa mazoezi ya chini ya saa moja asubuhi, maji uliyokunywa kabla ya kutoka yanatosha. Zaidi ya hapo, beba nusu lita kwa kila saa, na kiangazi uongeze. Kwa njia ya Kalinzi tengeneza mwenyewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, bila kilima. Ndizi mbivu mbili na kipande cha muhogo wa kuchemsha hukupeleka mbali, na baada ya mazoezi ugali kwa migebuka (samaki wa ziwani) ya mawese ni chakula kamili cha mkimbiaji, ila usikile kabla, kwani mawese yatakusumbua tumboni kwenye mwinuko wa kwanza.

Mwambie mtu unakwenda njia gani na unarudi saa ngapi. Weka kwenye simu namba ya bodaboda unayemwamini, na ukumbuke 112 kwa polisi. Ukiumwa na nyoka, usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Kaa chini, tuliza mguu usicheze, vua viatu na pete kabla uvimbe haujaanza, na upelekwe hospitali mara moja. Mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Anayekubeba kwa pikipiki apate mtu wa kukushika nyuma, kwa kuwa aliyeumwa na nyoka anaweza kulegea ghafla.

Wiki sita za kwanza

Kwa anayeanza, siku tatu kwa wiki zinatosha. Wiki mbili za mwanzo fanya Stesheni hadi Mwanga mara mbili na Ujiji mara moja, dakika 30 hadi 40 kila siku. Wiki ya tatu na ya nne badilisha siku moja ya Mwanga iwe Bangwe, ukigeuza kabla ya Katonga. Wiki ya tano fika Katonga na kurudi, na Kibirizi siku nyingine. Wiki ya sita punguza kila kitu kwa theluthi moja, na mwisho wake, kama ni kiangazi na magoti yako hayalalamiki, panda gari la Manyovu uende Kalinzi.